Asiyejua kuogelea na maji ya kasi: jibu kwa msomaji wa Langoni, Lamu

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi anayeishi Langoni, Lamu, ameniandikia barua ambayo naifupisha hivi: "Ami, assalaam alaykum. Likizo ya Disemba tunakwenda Nairobi harusini, na wenyeji wetu wametupangia siku moja ya kushuka Mto Tana kwa boti ya mpira kule Sagana. Tutakuwa sita: mimi, mume wangu, mdogo wangu wa kiume wa miaka 17 anayeogelea kama samaki, binti zangu wa miaka 13 na 9, na mama yangu wa miaka 61 mwenye presha. Mimi sijui kuogelea ingawa nimezaliwa kisiwani. Je, ni salama? Sisi wanawake tunaojisitiri tuvae nini? Mdogo wangu anataka apewe kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, yake peke yake, tumruhusu? Na je, hakuna mahali huku kwetu, Sabaki au Tana ya chini, pa kujaribia kwanza?"

Wa alaykumu salaam, binti yangu. Nitaanza na jibu lenyewe ili usisome barua nzima ukiwa na wasiwasi: wewe usiyejua kuogelea unaweza kwenda, kwa masharti nitakayoyataja, na katika watu wenu sita, ninayemhofia zaidi ni huyo kijana anayeogelea kama samaki. Sisemi hivyo kwa kumdharau. Nimezaliwa Malindi, baba yangu alikuwa mvuvi, na nilikwenda bara kuongoza boti za mpira nikiwa na kiburi kilekile cha mtoto wa pwani anayedhani kwamba maji ni maji. Miaka kumi na minne niliyoikaa kwenye Tana ya juu na kwenye Athi imenifunza kwamba mtu wa pwani huenda mtoni akiwa na mazoea ya baharini, na baadhi ya mazoea hayo ndiyo yanayoua.

Tazama tofauti yenyewe. Baharini wimbi husafiri na maji hubaki pale pale yakipanda na kushuka, ndiyo maana gogo linaloelea nje ya miamba huinuliwa na kuteremshwa bila kufika mbali. Mtoni ni kinyume chake: wimbi husimama mahali pamoja mwaka mzima, nyuma ya jiwe lile lile, na maji ndiyo yanayopita ndani yake bila kukoma. Baharini kuna kupwa na kujaa, kwa hiyo mkondo unaokushinda saa hii utalegea baada ya saa tatu, na mzee yeyote wa Shela atakuambia ungoje. Maji ya mto hayana kupwa, na anayenaswa ndani yake hana saa ya kungoja. Tena mchanga wetu ni laini na tambarare, wakati chini ya mto kuna mawe yaliyopandana, yenye nyufa na mapango, na maji hupita katikati yake yote.

Sasa fikiria jambo la kwanza analolifanya mtoto wa Lamu akianguka kutoka kwenye mashua karibu na ufuo. Hutafuta chini kwa mguu. Akiugusa mchanga husimama, hucheka, na mambo huishia hapo. Mimi nilifanya vivyo hivyo katika wiki yangu ya pili mtoni, nilipotupwa nje ya boti mahali ambapo maji hayakunifika kifuani. Nilisikia jiwe chini ya unyayo wangu wa kulia nikasimama, kwa sababu mwili wangu haukujua lingine la kufanya. Mguu uliteleza ukaingia kati ya mawe mawili hadi juu ya kifundo, na papo hapo maji yakanisukuma mgongoni. Nilipinda mbele kama mlango unaofungwa. Uso ukawa ndani ya maji, jaketi likivuta juu, mguu ukivutwa chini, na kila nilipojaribu kujiinua kwa mikono maji yalinirudisha. Nilinusurika kwa sababu mwenzangu aliyekuwa ukingoni alinirushia kamba, nikaishika, naye akanivuta kuelekea juu ya mto, yaani upande nilikotokea, hadi mguu ukachomoka ukiacha kiatu. Hadi leo nina kovu pale juu ya kifundo. Ilikuwa muda mfupi sana, wala maji yale hayakuwa ya kutisha kuyatazama. Watalii walikuwa wakipiga picha mahali hapo.

Kwa hiyo kanuni ninayotaka familia yako nzima iijue kabla ya kupanda basi ni hii: katika maji yanayokwenda, yakishapita kimo cha goti, usisimame, hata ukiiona chini. Lala chali kama unayeelea, miguu ikiwa mbele yako kuelekea maji yanakokwenda, vidole vya miguu vikichungulia juu ya maji, magoti yamekunjwa kidogo, na makalio umeyainua. Ukifika kwenye jiwe, nyayo ndizo zitakazoligusa kwanza na kukusukuma pembeni, na si kichwa. Pumua pale unapotokeza kwenye bonde la wimbi, funga mdomo unapoingia kwenye povu. Mikono itumie kujisogeza kimshazari kuelekea ukingo, na usisimame mpaka uwe umekaa kitako juu ya mawe, mahali ambapo maji hayawezi tena kukuchukua. Kuna hali moja tu inayogeuza kanuni hii. Ukiona mbele yako mti ulioanguka mtoni, maji yakipita kati ya matawi yake kama tui linavyopita kwenye kifumbu, usiuendee kwa miguu. Geuka kifudifudi, ogelea kuuelekea kwa nguvu zako zote kichwa kikiwa mbele, na ukiufikia ujirushe juu ya gogo kama anayepanda ngalawa kutoka majini. Maji hupenya kwenye matawi lakini mtu hapenyi.

Usidhani natia chumvi kuhusu nguvu hiyo. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Mto unaopitisha mita za ujazo 30 kwa sekunde, ambao si mto mkubwa, hupitisha tani 30 mbele ya macho yako kila sekunde. Kisha kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kukusukuma huongezeka mara nne. Ndiyo maana ujuzi wa kuogelea husaidia kidogo kuliko watu wanavyodhani: mwogeleaji hodari hashindani na mto, bali huusoma na kuutumia, na kusoma huko si kazi ya mgeni bali ya kiongozi wa boti. Huyo napenda kumfananisha na rubani wa zamani wa bandari zetu kuliko na nahodha, kwa sababu nahodha anaweza kuwa mgeni lakini rubani lazima awe anaujua kila mwamba wa mlango wake kwa jina. Pale mgeni anapoona povu tu, yeye huona ulimi wa maji laini uliochongoka kuelekea chini, ambao ni njia, na huona mchongoko unaoelekea juu, ambao ni jiwe lililojificha. Huona pia nyuma ya jiwe kubwa maji yakigeuka na kurudi juu taratibu, na hapo ndipo huegesha boti ili watu wapumue na wenzake wapite.

Kinachomchukua asiyejua kuogelea ni jaketi. Majaketi hupangwa kwa madaraja ya kimataifa kulingana na nguvu ya kuelea inayopimwa kwa nyutoni, na mara nyingi namba imeandikwa ndani ya jaketi lenyewe. Lenye 50 limekusudiwa mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Lenye 100 na kuendelea ndilo linalomfaa asiyejua. Kwa hiyo, ukifika, mwambie kiongozi wazi, bila haya, kwamba hujui kuogelea, na umwombe jaketi lenye nguvu zaidi. Nimeona wageni wengi wakilificha jambo hilo mbele ya wakwe au wafanyakazi wenzao, na kiongozi hulijua wakati mbaya kuliko wote. Likishafungwa, mtu asimame nyuma yako alishike mabegani na alivute juu kwa nguvu. Likipanda mpaka masikioni, halijakufaa, hata liwe jipya kiasi gani. Jaketi la mtoni linapaswa kubana kiasi kwamba unahisi mbavu zako ukivuta pumzi ndefu. Yale mapana ya rangi ya machungwa tunayojitupia shingoni kwenye boti za Mokowe bila kufunga mikanda yametufundisha vibaya, na napenda ulijue hilo, wewe unayefundisha watoto.

Kuhusu usalama wa mto wenyewe, maji ya kasi hupimwa kwa daraja la 1 hadi la 6. La 1 ni maji yanayokwenda bila kizuizi cha maana. La 2 lina mawimbi madogo na njia iliyo wazi. La 3 lina mawimbi yanayoweza kujaza chombo na linataka watu wapige makafi kwa kusikilizana. La 4 lina nguvu na mapito membamba ambayo lazima yapatikane bila kukosea. La 5 ni la waliobobea, na ajali humo huwa nzito. La 6 hapapitishwi abiria. Daraja hilo si jina la kudumu la mahali. Mvua kubwa ikinyesha kwenye Mlima Kenya na kwenye milima ya Aberdare, kunakotoka maji ya Sagana, sehemu ya daraja la 3 huweza kuwa ya 4 kwa usiku mmoja. Mmechagua Disemba, mwishoni mwa mvua za vuli, wakati ambao maji huwa mengi na mazuri kwa mchezo huu, lakini pia ndio wakati wa kuuliza kwa simu siku mbili kabla: "Mto umejaaje, na mnafanya sehemu gani kwa kimo hicho?" Kampuni inayokujibu kwamba wao hupita kwa maji yoyote, nakusihi uiache.

Sagana iko karibu kilomita 100 kutoka Nairobi, na uzuri wake kwa familia ni kwamba mto haulingani urefu wote: kuna vipande vya wastani, kuna mahali maji yanatulia kabisa, halafu kuna maporomoko makali. Hivyo hamlazimiki kufanya jambo moja nyote. Wewe, mume wako na mdogo wako mnaweza kushuka sehemu ya daraja la 3 pamoja na kiongozi. Binti wa miaka 13 ningemchukua sehemu hiyo ikiwa maji ni ya kawaida na jaketi la kipimo chake lipo. Kama kampuni ina kiwango cha umri kinachomzuia, msikibishie. Wa miaka 9 abaki kwenye maji tulivu ya daraja la 1 na la 2, naye atafurahi vilevile, kwa sababu kwa mtoto wimbi la nusu mita ni kubwa. Kwa maji ya daraja la 4 mimi simpeleki mtoto wa chini ya miaka 16, na hilo ni shauri langu mwenyewe wala si sheria.

Mama yako ndiye aliyenifikirisha. Presha inayodhibitiwa kwa dawa si kizuizi yenyewe, lakini maji yale yanatoka milimani na ni baridi kwa mtu aliyezoea bahari yetu. Anayetumbukia ghafla kwenye maji baridi huvuta pumzi kwa nguvu bila kukusudia, na mapigo ya moyo na presha hupanda kwa wakati mmoja. Amwone daktari wake Lamu kabla ya safari, aulize jambo hilo hasa. Daktari akimkubalia, mama apande kwenye sehemu tulivu pamoja na mjukuu wake mdogo. Asipomkubalia, kuna mahali ukingoni pa kukaa na kuwaona mkipita. Swali hilohilo la daktari linawahusu mjamzito, ambaye namwambia asipande kabisa, mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa moyo, na yeyote ambaye bega lake limewahi kutoka. Mwenye pumu achukue dawa yake ya kuvuta na amkabidhi kiongozi aiweke kwenye mfuko usioingia maji. Na asiwepo anayepanda akiwa ametafuna miraa usiku kucha harusini.

Mavazi. Swali hili huulizwa na wanawake wa pwani kwa sauti ya chini, na huwa napenda kulijibu kwa sauti ya kawaida, kwa maana viongozi wazuri wameshawapokea wengi kama nyinyi. Buibui halifai mtoni, wala leso, wala dera; si kwa sababu ya aibu yoyote, bali kwa sababu kitambaa kipana kikilowa huwa kizito, huzinga miguu, na huweza kunaswa kwenye mwamba au kwenye kamba ya boti. Vazi la kuogelea la kujisitiri, lile lenye suruali na shati refu na kofia yake, ni zuri kabisa. Kama hamna, vaeni suruali ya michezo inayobana kwenye kifundo na fulana ya mikono mirefu isiyo ya pamba, maana pamba hukaa na maji na kukutia baridi. Kichwani vaa ile kofia ya ndani ya hijabu peke yake, iliyobana, bila mtandio na bila pini hata moja, kisha kofia ngumu juu yake. Pini nimeiona ikichoma shingo ya msichana wakati boti ilipogonga jiwe. Juu ya yote hayo huja jaketi, kwa hiyo umbo halionekani kama unavyohofia. Miguuni msivae champali wala msiende peku. Viatu vya raba vya zamani vilivyofungwa kamba vinafaa kuliko viatu vya bei. Miwani ifungwe kwa uzi nyuma ya kichwa, pete na bangili ziachwe na mama, na simu ibaki kwenye gari.

Ndani ya boti hakuna viti vya kukaa kama kwenye mashua. Mtaketi ukingoni juu ya mpira, mguu mmoja umesukumwa chini ya bomba la mpira lenye hewa lililopita katikati ya boti, na kila mmoja atapewa kafi. Kafi hilo lina kishikio cha umbo la msalaba mfupi kwenye ncha ya juu, na mkono mmoja lazima ukifunike wakati wote. Kikiachwa, wimbi moja hutosha kukipeleka kwenye meno ya jirani, na majeraha ya namna hiyo ni mengi. Kiongozi hukaa tezi, yaani nyuma ya boti, na kutoa amri chache: mbele, nyuma, acheni, shukeni chini. Mkiambiwa mhamie upande mmoja, hameni papo hapo bila kuuliza. Boti imebanwa kwenye jiwe, na uzito wenu ukiwa upande wa jiwe ndio unaoizuia isipinduke. Ikipinduka, nanyi mkijikuta chini yake, msiogope giza. Inua mikono, gusa sakafu ya boti juu yako, jisukume kwa mikono kuelekea upande mmoja tu bila kubadili, na utatokea nje. Mkirushiwa kamba, ishikeni kamba yenyewe, ipitisheni juu ya bega, laleni chali, wala msiizungushe mkononi hata mara moja.

Kabla ya kulipa, uliza mambo haya ukiwa Lamu bado. Je, wana leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011? Je, bima yao inawagusa abiria majini? Je, kila boti ya wageni hufuatana na mtu wa kayaki wa kuokoa, na je, kuna boti ya pili? Boti moja peke yake mtoni ni sawa na kuvua nje ya miamba bila mwenzako. Je, viongozi wana mafunzo ya huduma ya kwanza na ya uokoaji, na ni lini waliyarudia? Je, maelezo ya usalama hutolewa kwa Kiswahili? Hili la mwisho watu hulipuuza, lakini mama yako na binti yako mdogo wana haki ya kuelewa kila amri, na amri iliyotafsiriwa katikati ya poromoko haina faida.

Sasa mdogo wako na kayaki yake. Hapana, asiishushe Sagana peke yake. Kayaki ya mtoni ni fupi, huingiwa mpaka kiunoni na kufungwa kwa sketi ya mpira, na huyumba kuliko mtumbwi wowote aliowahi kuupanda Matondoni. Ikipinduka, mtu yuko kichwa chini ndani ya maji yanayokwenda juu ya mawe. Mwenye ujuzi hujigeuza kwa kafi na kiuno akarudi juu bila kutoka. Asiye na ujuzi huvuta kitanzi cha sketi, hutoka, na sasa ni mwogeleaji katikati ya maporomoko, akiwa na mazoea yale niliyoyataja ya kutafuta chini kwa mguu. Kujigeuza huko hufunzwa kwanza kwenye maji yaliyotulia, na wengi huchukua siku kadhaa kabla ya kukuweza bila kukosea. Kama anaupenda mchezo huu kweli, na nadhani anaupenda, mchukulieni somo la siku moja kwenye maji tulivu huko Sagana badala ya kumpa kayaki ya kushukia. Kijana wa miaka 17 aliyezaliwa juu ya maji, akifunzwa vizuri, ndiye rubani wa mto wa kesho, na sisi watu wa pwani tumekuwa wachache mno katika kazi hii.

Kuhusu kujaribia huku kwetu, Mto Sabaki na Tana ya chini nawakataza. Sabaki ndio huohuo Athi unaoitwa Galana ukipita Tsavo, nao huingia baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Mdomoni mwake kuna viboko na kuna mamba, na wakati wa mvua maji yake huwa mekundu kiasi kwamba bahari ya Malindi yenyewe hubadilika rangi. Katika maji hayo mnyama huwezi kumwona mpaka umefika juu yake. Tana vilevile. Mkiwa kwenye basi mkivuka daraja la Garsen, waonyeshe watoto kwamba maji hayo yamepita Sagana na mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kufika hapo na kuelekea Kipini. Lakini mto ule ukishafika tambarare hauna poromoko la kuchezea, una mamba na viboko, na kwenye maji yaliyotuama kuna konokono wa kichocho. Kichocho hakipatikani baharini, kwa hiyo watu wetu hukisahau. Maji ya kasi hayampendezi konokono yule, ila mkipumzika Sagana kwenye vidimbwi vya ukingoni msikae humo, na mtu akiona damu kwenye mkojo au choo wiki kadhaa baadaye amweleze daktari kwamba aliingia mtoni. Dawa yake ipo.

Mahali pa kujaribia mnapo, na hapahitaji nauli kubwa. Mkipita Malindi, Hori ya Mida iko mwendo mfupi tu kusini, karibu na Watamu, ndani ya mikoko, na kayaki iliyo wazi juu, isiyo na sketi, ni salama humo maji yakiwa yamejaa. Maji yakipwa hori hubaki tope, na mtu hukwama. Kwenu Lamu, njia ya kwenda Takwa upande wa Manda ni nzuri kwa mtindo huohuo: ingieni maji yakijaa, tokeni kabla hayajapwa sana. Epukeni mlango wa bahari kati ya Shela na Ras Kitau wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, maana huko maji makuu na madogo hupishana kwa karibu mita 3, mkondo hukaza zaidi katika saa ya tatu na ya nne baada ya maji kugeuka, na upepo ukipingana na mkondo mawimbi husimama wima. Kwa Disemba kaskazi itakuwa imeanza kuvuma, kwa hiyo tokeni asubuhi mapema kabla haijakaza, na jaketi lifungwe hata kwenye maji ya kiuno.

Ila zoezi ninalolitaka hasa halihitaji kayaki. Chagueni siku za maji mafu, ambapo maji hujaa na kupwa kidogo tu, yaani tarehe 8 hadi 10 au 22 hadi 24 za mwezi mwandamo, nendeni nyote ufuo uliotulia pamoja na mtu anayejua kuogelea, na muazime majaketi yanayobana. Wewe anza kwa kulala chali kwenye maji ya kiunoni, mumeo akikushika kisogo, mpaka uamini kwa mgongo wako kwamba jaketi linakubeba na kwamba masikio kuingia maji si kuzama. Wengi huhitaji dakika ishirini, wengine asubuhi mbili. Ukishazoea, aondoe mkono, nawe uinue vidole vya miguu mpaka uvione. Halafu aje mdogo wako. Msukumeni kutoka kwenye mashua bila kumwonya, kwenye maji yanayomfika kifuani, na mtazame miguu yake. Mara ya kwanza atasimama, nina hakika. Mrudieni mpaka afike mara kumi mfululizo bila kuugusa mchanga, kisha ndipo mpige simu Sagana.